Kutoka "Yeye" hadi "Wewe": Namna ya Kuyafanya Maarifa ya Dini Yatusogeze kwa Mungu

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuandaa mafundisho ya majuma manne kuhusu sala kwa ajili ya jumuiya ya mtaa wetu, nami nikayaandaa kwa bidii. Nilinunua kaunta buku jipya, nikakusanya aya zote nilizozifahamu kuanzia sala ya Hana hadi sala ya Bwana wetu kule Gethsemane, nikaandika vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu na maelezo kwa kalamu ya bluu. Usiku wa kuamkia somo la kwanza niliketi kulipitia daftari lile ili niiombee kazi iliyokuwa mbele yangu, na kabla sijafumba macho nikagundua jambo ambalo hadi leo linanihuzunisha: katika kurasa thelathini na kitu nilizokuwa nimeziandika, kila mahali Mungu alikuwa "Yeye". Yeye husikia, Yeye hutaka, Yeye hujibu. Neno "Wewe" lilikuwamo tu ndani ya aya nilizozinakili, yaani katika vinywa vya Hana, Daudi na Danieli. Mimi mwenyewe, kwa majuma matatu ya kuandika juu ya sala, sikuwa nimesali hata sala moja iliyotokana na yale niliyokuwa nikiyaandika.

Mwongozo huu ulianzia usiku ule. Nimeuandika kwa ajili ya Mkristo ambaye hakosi ibada, aliyefundishwa katekisimu akiwa mtoto, anayesikiliza mahubiri redioni alfajiri na kwenye simu usiku, anayeweza kutaja vitabu vyote ishirini na saba vya Agano Jipya kwa mfuatano, na ambaye hata hivyo, akibaki peke yake chumbani, anahisi kwamba habari za Mungu anazo nyingi lakini hawajawahi kukaa pamoja. Mtu wa namna hiyo mara nyingi huambiwa aongeze kusoma. Naamini ushauri huo unamkosea, kwa sababu shida yake haiko katika kiasi cha maarifa aliyo nayo, bali iko katika kile anachokifanya nayo yakishamfikia.

Maarifa yanakwamia wapi

Sura ya pili ya Injili ya Mathayo inaeleza jinsi mamajusi walivyofika Yerusalemu wakiuliza aliko mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. Herode akawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, nao wakajibu bila kusitasita kwamba ni Bethlehemu, tena wakamnukuu na nabii. Jibu lao lilikuwa sahihi kabisa. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilomita zipatazo tisa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini Mathayo hasemi popote kwamba hata mmoja wao alivaa viatu vyake akaenda kutazama. Waliokwenda ni wageni kutoka mbali, ambao ujuzi wao wa Maandiko ulikuwa mdogo kiasi cha kulazimika kuuliza njia.

Nimeitafakari habari hiyo mara nyingi, na ninachokiona ni kwamba maarifa ya wale waandishi yalikuwa maarifa ya kujibia. Mfalme aliuliza, wao wakajibu, kazi ikaisha. Sehemu kubwa ya maarifa yetu ya dini tumeyapata kwa njia hiyo hiyo: tulijifunza ili tujibu mtihani wa kipaimara, ili tusiaibike mchungaji akituuliza, ili tushinde katika chemsha bongo ya vijana, ili tumjibu jirani wa dhehebu jingine anayebishana nasi kuhusu ubatizo au siku ya ibada. Mtu aliyezoea kuyatumia maarifa kwa kujibia watu huona kazi imekamilika pale jibu linapokuwa sahihi, wala hagundui kwamba Mwenye habari zile anangojea aendewe. Bwana Yesu aliwaambia watu wa namna hiyo neno zito katika Yohana 5:39-40: "Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Hakuwakemea kwa kuchunguza, aliwahuzunikia kwa sababu walichunguza wakaishia hapo.

Lugha yetu wenyewe inalifahamu jambo hili. Mtu akisema "najua habari za fulani", hakuna anayedhani kwamba wamewahi kusalimiana. Akisema "namjua fulani", tunatarajia kwamba fulani naye atamtambua wakikutana njiani. Tofauti yote imebebwa na kiambishi kimoja kidogo, na Yohana 17:3 inasimama juu ya kiambishi cha namna hiyo: "Na uzima wa milele ndio huu, Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." Haisemi wajue habari zako, inasema wakujue wewe. Tuangalie pia kwamba Bwana alipoeleza uzima wa milele ni nini hakuwa akifundisha darasa. Alikuwa ameinua macho mbinguni, anasali.

Kitabu cha Ayubu kinaonyesha jambo hilo hilo kwa urefu zaidi. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walizungumza mengi juu ya Mungu, na ukiyasoma maneno yao moja moja utaona kwamba mengi yangeweza kuhubiriwa Jumapili yoyote bila mtu kulalamika. Lakini soma hotuba zao zote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho uone kama kuna mahali ambapo mmoja wao anageuka na kusema na Mungu mwenyewe: hapana. Ayubu analalamika, anauliza, wakati mwingine anavuka mpaka, lakini kila mara anarudi kumwelekea Mungu na kumwita. Na mwishoni Mungu anasema kwamba ni Ayubu, wala si wale watatu, aliyenena yaliyo sawa katika habari zake. Ayubu mwenyewe anaipima safari yake kwa maneno haya: "Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, Bali sasa jicho langu linakuona."

Tusiyatupe maarifa

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe ni lazima niweke tahadhari, kwa sababu wapo wanaosikia maneno kama haya wakahitimisha kwamba kusoma ni kazi ya bure na kwamba yatosha kuwa na moto moyoni. Nabii Hosea anasema watu wa Mungu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa, na mtume Paulo anawashuhudia ndugu zake kwamba "wana juhudi kwa ajili ya Mungu, lakini si katika maarifa". Sisi wa Afrika Mashariki tunajua juhudi ya namna hiyo inaweza kufika wapi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne ya watu, wakiwamo watoto wadogo, waliokuwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu. Mkristo aliyeijua Biblia yake vizuri angeweza kusimama na kuuliza fundisho hilo limeandikwa wapi. Kwa hiyo soma, jifunze, uliza maswali, nunua kamusi ya Biblia ukiweza. Ninachokitafuta hapa ni namna ya kuyaendeleza maarifa hayo mpaka yafike yalikokusudiwa.

Waliokuwa wakiitwa wasomaji

Historia ya kanisa katika ukanda wetu ina mfano ambao kila ninapoukumbuka unanitia moyo na kunionya kwa pamoja. Katika Buganda, misheni zilipoanza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Wakristo waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, kwa sababu kujiunga na dini mpya kulimaanisha kujifunza kusoma kitabu. Hata leo katika Kiganda kitenzi cha kusoma hutumika kwa maana ya kwenda ibadani. Lilikuwa jina la heshima, na kazi iliyofanywa na wasomaji wale ilikuwa kubwa. Lakini kizazi kilichofuata kilirithi kusoma, kikarithi na ubatizo na majina ya Kikristo, na wengi wao hawakuwa na kitu kingine zaidi ya hivyo.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana kule Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Kiganda. Daktari alikuwa amechoka baada ya kupita katika kipindi cha njaa kali, na wote wawili walikuwa na kiu ambayo elimu yao ya dini haikuwa imeikata. Wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba, kila mmoja akiyaacha Maandiko yaseme naye kuhusu maisha yake mwenyewe. Kutoka katika kukutana kule, na kutoka katika kazi ya watu kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyefundisha Gahini na kufariki mapema mwaka 1936, ulienea ule uamsho uliovuka mipaka ya Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa "balokole", waliookoka, na ndipo sisi tulipolipata neno "mlokole". Uamsho ule haukuleta fundisho jipya; waliotubu walikuwa watu waliokwisha kubatizwa, wengine walimu na wachungaji, na yale waliyoyatubia walikuwa wakiyajua siku zote kuwa ni dhambi. Kilichobadilika ni kwamba walianza kuyasema mbele za Mungu na mbele ya ndugu, kisha wakaenda kurudisha walichoiba na kuomba radhi kwa waliowachukia.

Onyo nalo linatoka katika nchi ile ile. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wanyarwanda walio wengi sana walikuwa wamebatizwa, na bado watu waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, kama vile Ntarama na Nyamata, ambayo leo ni mahali pa kumbukumbu. Wapo Wakristo waliokufa kwa kukataa kutengana na ndugu zao, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wapo pia waliokuwa wameketi katika madawati yale yale na kujifunza amri ya "Usiue" pamoja na wale waliokuja kuwaua. Silitaji jambo hili kwa wepesi, wala kwa kuwanyoshea kidole Wanyarwanda, maana hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuapa kwamba kanisa lake limejengwa kwa udongo mwingine. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe: amri iliyokaririwa bila kuwahi kusemwa mbele za Mungu na kutiiwa katika mambo madogo haikuwa na nguvu ya kumzuia mtu siku ya jambo kubwa.

Namna ya kuanza

Anza kwa kujipima bila kujionea huruma na bila kujihukumu kupita kiasi. Chukua daftari lako la mahubiri, au kama huna daftari jaribu kukumbuka mahubiri manne ya mwisho uliyoyasikia, kisha andika pembeni ya kila moja majibu ya maswali mawili: nilimwambia Mungu nini kuhusu neno hili, na nilifanya nini kwa sababu yake? Ukikuta nafasi nyingi ziko wazi, usikimbilie kuweka nadhiri ya kusoma sura kumi kwa siku. Nafasi hizo zilizo wazi ndizo zinazokuonyesha pa kuanzia.

Hatua inayofuata ni kupunguza. Najua inasikika vibaya kumwambia Mkristo apunguze kusikiliza mahubiri, lakini mtu anayesikiliza mahubiri matano kwa juma na hatendi hata moja anajizoeza kusikia bila kutenda, na mazoezi hayo huufanya moyo wake kuwa mgumu. Yakobo anasema wazi kwamba mtu wa namna hiyo anajidanganya nafsi yake. Kwa miezi miwili chagua kifungu kifupi kimoja kwa juma, aya tatu hadi sita zinatosha, ukae nacho siku zote saba.

Kisha kigeuze kifungu hicho kiwe sala, na hapa ndipo ningependa tukae kwa muda, kwa maana kwangu hii ndiyo hatua iliyofungua mlango. Ifungue Zaburi ya 23, ambayo pengine unaijua kwa moyo, na uisome ukiangalia viwakilishi tu. Inaanza kwa kumtaja Mungu kama mtu anayesimuliwa: "Bwana ndiye mchungaji wangu", "hunilaza", "huniongoza", "kwa ajili ya jina lake". Aya tatu nzima Daudi anatuambia sisi habari za Bwana. Halafu anafika bondeni, katika uvuli wa mauti, na ghafla hasemi tena nasi: "Sitaogopa mabaya; kwa maana Wewe upo pamoja nami, gongo lako na fimbo yako vyanifariji. Waandaa meza mbele yangu." Kuanzia "Wewe" hiyo hadi mwisho wa aya ya tano anasema na Mungu uso kwa uso. Nimeisoma Zaburi hiyo kwenye misiba isiyohesabika kabla ya kuliona hilo.

Basi fanya kama Daudi. Soma sentensi moja, simama, uigeuze ielekee kwa Mungu kwa maneno yako ya kila siku, kwa sauti ya chini ukiweza. "Bwana ndiye mchungaji wangu" inakuwa "Bwana, Wewe ndiwe mchungaji wangu, ingawa juma hili nimejichunga mwenyewe na nimechoka." "Sitapungukiwa na kitu" inakuwa "Nasema sitapungukiwa, lakini karo ya muhula ujao sijui itatoka wapi, na naogopa." Usiyapambe maneno. Ukifika kwenye sentensi usiyoweza kuisema kwa ukweli, usiiruke. Mwambie Mungu kwamba huwezi kuisema, na kwa nini. Sentensi hiyo iliyokwama ndiyo mara nyingi inayoonyesha mahali ambapo maarifa yako na maisha yako yaliachana.

Kwa kumbukumbu mimi hutumia daftari lile lile la zamani, ila ukurasa wa kulia ni wa maelezo niliyojifunza na ukurasa wa kushoto ni wa maneno yanayoanza na "Wewe". Kwa miezi ya kwanza kurasa za kushoto zilikuwa karibu tupu, nami niliona aibu kuzitazama, lakini aibu hiyo ilinisaidia kuliko kurasa za kulia zilizojaa.

Tii jambo moja kabla ya kusoma jingine

Ezra 7:10 inaeleza kwamba Ezra aliuelekeza moyo wake kuitafuta sheria ya Bwana, na kuitenda, na kuifundisha katika Israeli. Utaratibu wa vitenzi hivyo vitatu una maana: kutafuta, kutenda, kufundisha. Wengi wetu tumeondoa cha katikati, tunatafuta kisha tunafundisha, na anayefundisha asichokitenda huyaweka maneno ya Mungu mdomoni mwake huku moyo wake ukizoea kuyapita.

Tuchukue mfano wa kifungu kimoja, Mathayo 5:23-24, ambapo Bwana anamwambia mtu aliyeleta sadaka na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake kwamba aiache sadaka, aende, apatane kwanza, kisha arudi aitoe. Mtu mwenye maarifa ya kujibia atakueleza habari za madhabahu, aina za sadaka na maana ya neno ndugu. Yote hayo yana faida, na kuna jambo moja la kihistoria ambalo linaongeza uzito wa aya: waliosikia mafundisho haya walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kuiacha sadaka na kurudi nyumbani kupatana lilikuwa jambo la gharama kubwa ya muda na nguvu, na Bwana alilisema hivyo hivyo. Lakini maelezo hayo yakishaeleweka vinabaki vitenzi: iache, enda, patana, rudi. Jiulize mbele za Mungu kama kuna mtu ambaye jina lake limekujia ulipokuwa unasoma. Kama limekuja, andika jina hilo, andika siku utakayokwenda au kupiga simu, na siku hiyo isivuke Jumapili inayofuata, kwa sababu utii usiopangiwa siku huyeyuka.

Jambo lenyewe liwe dogo na liwe la kweli. Usiandike "nitawapenda maadui zangu". Andika "kesho jioni nitampelekea mama mkwe ile hela niliyomwahidi tangu mwezi wa tatu". Na mpaka uwe umelifanya, usiende kwenye kifungu kipya, hata kama kina utamu. Utashangaa jinsi kifungu ulichokitii kinavyosomeka tofauti ukikirudia; maneno yale yale ambayo yalikuwa habari yanakuwa kumbukumbu ya mahali mlipokutana wewe na Mungu.

Kuhusu kutubu na ushirika

Watu wa uamsho ule walipenda maneno ya 1 Yohana 1:7 kuhusu kuenenda nuruni, na katika hilo tuna mengi ya kujifunza kwao. Maungamo ya jumla, "utusamehe makosa yetu yote", ni sala njema ya kanisa lote, lakini ukiwa peke yako itaje dhambi kwa jina lake. Kama ulisema uongo kazini kuhusu risiti, sema "nilidanganya kuhusu risiti". Kisha tafuta Mkristo mmoja au wawili, wa jinsia yako, wanaoweza kutunza siri, mkutane mara moja kila majuma mawili, na mnapokutana msihubiriane. Kila mmoja aeleze kifungu chake, alichomwambia Mungu, na alichofanya au alichoshindwa kufanya. Wengine wamwombee pale pale.

Nina maonyo mawili hapa. Dhambi inayomhusu mtu mwingine haitangazwi mbele ya watu bila ridhaa yake, maana nimeona nyumba ikitikisika kwa sababu mume alitoa ushuhuda hadharani wa jambo ambalo mke wake alilisikia siku hiyo hiyo akiwa benchi la tatu. Na la pili, hata ushuhuda unaweza kukaririwa. Katika vikundi vya uamsho wenyewe ilitokea baada ya miaka kwamba watu walijua ni maneno gani yanayotarajiwa kutoka kwa mtu aliyeokoka, yakawa kama katekisimu nyingine, pamoja na sheria zake za mavazi na nywele. Ukisikia unasimulia jambo lile lile la mwaka juzi kwa maneno yale yale, nyamaza kwa muda, urudi kwenye ukurasa wa kushoto.

Utafika pia wakati ambapo umefanya haya yote na Mungu yuko kimya. Usidhani kwamba umerudi mwanzo. Ukaribu na Mungu haupimwi kwa joto la moyoni; Ayubu alikuwa akisema na Mungu kwa sura nyingi bila kupata jibu, na katika kipindi hicho chote alikuwa karibu kuliko rafiki zake waliokuwa na majibu. Endelea kumwambia "Wewe", hata kama neno linalofuata ni "uko wapi".

Kwa wanaofundisha wengine

Nimekuwa mwalimu wa kipaimara kwa muda mrefu, nami nawasihi walimu wenzangu tusiwakamilishie watoto maarifa ya kujibia peke yake. Katekisimu Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 haina kosa katika hili, kwa sababu maelezo yake ya imani yameandikwa katika nafsi ya kwanza: Mungu ameniumba mimi, amenipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote. Sisi ndio tunaoigeuza kuwa orodha ya maksi. Mwaka mmoja binti mmoja aliisoma sehemu hiyo bila kukosea neno, kwa kasi ya mtu anayeogopa kusahau. Nikamwomba airudie polepole, ila badala ya kusema "Mungu ameniumba" aseme "Wewe umeniumba". Akaanza vizuri: "Umeniumba mimi, umenipa macho, masikio..." Akanyamaza. Kisha akaligusa sikio lake la kushoto, ambalo halikuwa likisikia tangu alipougua utotoni, akaniuliza, "Mwalimu, na hili pia nimwambie?" Nikamjibu kwamba ndiyo, hasa hilo.

Tangu mwaka ule, juma moja kabla ya mtihani, kila mwanafunzi huchagua sentensi moja ya katekisimu, huingia kanisani peke yake, hukaa kwenye benchi analolitaka, na kumwambia Mungu sentensi hiyo kwa "Wewe" pamoja na lolote litakalofuata. Hupewa dakika kumi. Mtihani wa kukariri bado upo na maksi zake bado naziandika, lakini dakika hizo kumi hazina maksi. Mimi hukaa nje mlangoni, na mtoto akitoka simuulizi amesema nini.